Fundichuma wa Shimoni

2 Septemba

Frida, mwanangu wa pekee, amenipigia asubuhi kutoka Mwanza. Anataka picha ya mama yake. Misa ya kumbukumbu ya mwaka mmoja ni Jumamosi ya tarehe 23 Novemba, ndugu wa Kasulu wanakuja, na ameshaongea na mtu wa kuchapa picha kubwa ya fremu ya kuweka mezani. "Baba, nitafutie moja nzuri. Wewe si ndiye fundi?" Nikamwambia zipo nyingi, nitachagua.

Hakuna hata moja. Naandika humu kwa sababu sina wa kumwambia. Mimi Ignas, niliyewapiga picha watu wa Ujiji kwa miaka thelathini na nne, sina picha ya mke wangu Veneranda. Ya harusi ililiwa na mchwa. Kitambulisho chake kina kivuli cheusi tu, ungeweza kusema ni mimi. Kwenye simu ya Frida zipo mbili, na zote amejifunika kanga usoni, maana alikuwa akiona kamera anakimbia. Yaliyozipata negativu za studio nitaandika siku nyingine. Leo sina moyo huo.

3 Septemba

Shimoni. Yangeyange wawili, kenge mmoja. Mwanga mzuri mpaka saa mbili.

6 Septemba

Shimoni ni bwawa tu, hata hilo jina ni la kupachika. Wachoma matofali walichimba udongo miaka mingi huku nyuma ya mtaa wa Rusimbi, shimo likajaa maji ya mvua, likaota matete, viumbe wakahamia. Kiangazi kikikolea maji yanarudi katikati, na wanawake wanaloweka mihogo upande wenye kina kifupi. Harufu yake usiseme. Ziwa lote la Tanganyika liko pale chini, watu wanatoka nchi za mbali kuja kulipiga picha, mimi nakwenda kulipiga picha shimo. Lakini ziwani kuna watu wengi, wote wananijua, wote wananiuliza habari za nyumbani. Sina habari za nyumbani.

Nafika saa kumi na mbili asubuhi na ndoo yangu, naigeuza, naikalia. Kamera ni ile ya dijitali, na lenzi ndefu niliyoinunua kwa ajili ya harusi. Tangu Novemba sijampiga mtu picha. Nikimwelekezea mtu kamera mkono unatetemeka. Kwa chura hautetemeki.

9 Septemba

Mwanaima alikuwepo Shimoni, jirani yangu wa Buzebazeba, mjane, anauza unga wa muhogo. Yeye na Veneranda walikuwa hawaachani. Mimi simpendi kivile. Anaongea kuanzia anapofika mpaka anapoondoka, na ndege wote wanahama.

"Shemeji, unapiga nini leo?"

"Kereng'ende."

"Wa kumla?"

Kisha akaanika mihogo juu ya mawe na kuifunika na kitenge, nikakitambua. Cha njano chenye majani ya kijani. Siku ya kuanua matanga wanawake waligawana nguo za marehemu, ndiyo desturi, nami nilikubali. Ila kile Veneranda alikuwa anakivaa kanisani. Leo kimefunika mihogo iliyooza. Nilibeba ndoo yangu nikaondoka bila kuaga.

12 Septemba

Mdiria kakosa samaki mara nne, ya tano kapata. Nimepiga hamsini, imefaa moja.

13 Septemba

Chai na kiporo cha ugali. Hakuna aliyebisha hodi.

18 Septemba

Mwezi umejaa, wavuvi hawakuingia ziwani, hakuna dagaa sokoni. Nimekula maharage peke yangu nikasema nimalize hili la negativu.

Zamani, kabla ya dijitali, tulikuwa tunazunguka vijijini mimi na Veneranda kupiga pasipoti za shule na za vitambulisho. Yeye alikuwa ndiye ukuta. Alishika shuka jeupe nyuma ya mteja, mikono juu, amesimama nyuma yake bila kuonekana. Kila picha ilikuwa na vidole vyake juu, kulia na kushoto, na kila picha nilivikata kwa mkasi kabla ya kumpa mteja. Mteja analipia uso wake, halipii vidole vya mke wangu. Na kila nilipoweka mkanda mpya nilipiga kwanza moja au mbili za kupoteza, ili mkanda uliokwisha kuona jua upite. Hizo nilimpigia yeye na shuka lake, kigoda kitupu. Mara nyingine alichungulia juu ya shuka akanitolea ulimi. Sikuwahi kusafisha hata moja. Karatasi ilikuwa ghali.

Kwa hiyo alikuwemo kwenye negativu. Mamia ya mara. Maboksi matatu yalikuwa chini ya kitanda. Siku ya nne baada ya mazishi nilirudi chumbani, nikaona kitanda, nikaona maboksi, nikaingiwa na hasira ambayo mpaka leo sijui ilikuwa ya nani. Niliyabeba kwa toroli nikayamwaga Shimoni, pale wanapotupa taka. Wiki iliyofuata nilirudi kuyatafuta. Samson mchoma matofali alikuwa ameshachoma taka zote.

Frida hajui. Hakuna anayejua. Watu wanadhani nakwenda Shimoni kupenda ndege, na ni kweli nimewapenda, lakini nilianza kwenda kwa sababu maji yalikuwa yanapungua, nikawa natazama tope linaloibuka kama kuna kitu kimebaki.

19 Septemba

Tope tu. Na ndala ya mtoto.

23 Septemba

Juu ya mkuyu ulioinamia maji kuna kiota cha fundichuma, kikubwa, mtu mzima angeweza kujikunja ndani. Wenyewe ni ndege wa kahawia, na kishungi nyuma kinafanya kichwa kifanane na nyundo. Dume na jike wanajenga bila kupumzika: vijiti, mifupa, mifuko ya nailoni, kandambili. Leo wameongeza mfuko wa sabuni. Nimepiga picha mia moja na kumi. Wanafanya kazi pamoja, mmoja analeta, mwingine anapanga. Nilijikuta nawaonea wivu ndege.

26 Septemba

Samson kaniambia mti ule ungemfaa sana kwenye tanuri, kuni zimekuwa shida, na matofali lazima yaive kabla ya mvua. "Lakini nani atagusa kiota cha yule ndege, Mzee Picha? Ukikibomoa, na nyumba yako inabomoka." Nikamwuliza kama anaamini. Akasema haamini, ila nyumba anayo.

30 Septemba

Leo imekuwa siku. Mwanaima aliacha mihogo yake akaenda kuteka maji, fundichuma akashuka, akadonoa pindo la kile kitenge lililochakaa, likachanika kipande kirefu, akapaa nacho mpaka kiotani. Niliipata yote, picha tisa mfululizo. Nilifurahi mno, mpaka nilipomsikia Mwanaima.

Hakupiga kelele. Ndilo lililonishtua. Alikaa chini palepale kwenye tope. "Shemeji, amechukua nguo niliyoivaa," akasema. "Akishaifuma kwenye kiota ninaanza kuumwa. Mama yangu mdogo ilikuwa hivyohivyo."

"Si umeivalisha mihogo tu?"

"Nilikuwa naivaa nyumbani, ndani. Nikiikumbuka sauti ya Veneranda naivaa nalala nayo. Imechakaa ndiyo maana nikaileta huku, na hata huku sikuiacha mbali." Akajipangusa macho kwa kiwiko maana viganja vilikuwa na tope. "Unadhani ni wewe tu uliyefiwa?"

Mwaka mzima nimekaa nyumba ya tatu kutoka kwake nikidhani kilio ni changu peke yangu. Nilimwambia nitamtazamia kipande kimekaa wapi. Nimeona haya mpaka sasa.

1 Oktoba

Nimeziweka picha za jana kwenye kompyuta, nikazivuta karibu nione pindo la kitenge. Liko upande wa kushoto wa tundu la kuingilia, njano inaonekana wazi. Chini yake kidogo kuna kitu cheusi, chembamba, kinang'aa. Nikavuta zaidi. Ukingoni kuna vitundu vya mraba vimejipanga sawasawa.

Huo ni mkanda wa picha. Hakuna kitu kingine duniani chenye vitundu vile. Nimeushika miaka thelathini na nne, ningeutambua hata kwa kuupapasa tu. Ndege wale waliuokota kwenye taka kabla Samson hajawasha moto, wakaufuma. Nilisimama, nikakaa, nikasimama. Nilitaka kumwita mtu aone. Nikafika mpaka mlangoni ndipo nikakumbuka kwamba niliyetaka kumwita ni Veneranda.

2 Oktoba

Nimepiga kutoka pande tatu. Ni kipande kimoja tu, kinaonekana urefu wa kiganja, kingine kimezama ndani ya vijiti. Urefu kutoka chini ni kama wa nyumba na paa lake.

4 Oktoba

Nimemweleza Mwanaima. Yote, hata maboksi. Nilitegemea anijie juu, akaendelea kuchekecha unga wake. Kisha akauliza kama kweli Veneranda anaweza kuwa humo. Nikamwambia kwenye mkanda wa picha thelathini na sita, vidole vyake vimo kote, na akipatikana mwanzo wa mkanda huenda na uso wake umo. Au ni vichwa vya wanafunzi sita wa Simbo, basi.

"Na kiota hakiguswi," akasema.

"Hakiguswi kwa sababu gani? Kwa sababu ya nyumba kubomoka?"

"Shemeji, yako imeshabomoka. Nasema yangu."

7 Oktoba

Kuna makinda. Nimeyasikia. Jike anaingia na vyura, anatoka mtupu.

8 Oktoba

Frida amepiga tena. Nimemwambia bado nachagua. Akasema, "Baba, unachagua mwezi mzima?" Akacheka. Nikacheka na mimi, na nilipokata simu niliketi pale pale mpaka chai ikapoa.

11 Oktoba

Samson ana ngazi ndefu ya ujenzi. Nilikwenda kuiazima, nikamweleza nataka kitu kiotani. Akafikiri, akatabasamu. "Mzee Picha, fanya hivi. Wewe ondoa kiota, mti nitauangusha mimi. Wewe upate chako, mimi nipate kuni. Mkosi utabaki kwako maana wewe ndiye uliyegusa kwanza, na wewe umri umekwenda."

Alikuwa ananipa jambo jepesi. Ningekuwa na mkanda leo jioni. Nilitazama juu, jike alikuwa anaingia na chura mdomoni, nikasema nitafikiri. Nimerudi nyumbani nimejikasirikia. Mke wangu yuko juu ya mti, nami nawaza makinda ya ndege.

12 Oktoba

Nimefikiri. Nimemwambia Samson hapana. Makinda yakiruka, nitapanda. Makinda ya fundichuma hukaa kiotani wiki saba hivi, na haya sijui yana siku ngapi.

15 Oktoba

Joto. Maji ya bwawa yamebaki ya kuogea bata.

17 Oktoba

Mwezi umejaa tena. Mawingu ng'ambo ya ziwa, upande wa Kongo, mara ya kwanza mwaka huu. Negativu iliyokwisha kuzeeka ikilowa na kukauka, ikalowa tena, inabanduka kama ngozi ya nyanya iliyochemshwa. Mvua za mwaka jana ilizipona, nadhani kwa sababu ilikuwa imezama ndani, na sasa vijiti vimehama ikajitokeza. Sidhani kama itazipona za mwaka huu.

18 Oktoba

Mawingu.

19 Oktoba

Mawingu. Mwanaima ameniletea ugali wa muhogo na samaki wawili aina ya mgebuka. Hakukaa. Amesema kichwa kinamuuma tangu juzi, hakusema kwa nini na sikuuliza.

21 Oktoba

Imenyesha. Nusu saa, mvua ya kutuliza vumbi tu, lakini imenyesha. Nilikwenda Shimoni nikatazama kwa lenzi. Upande mmoja wa mkanda umebadilika rangi.

Makinda bado yamo. Yakiruka katikati ya Novemba, mkanda utakuwa umekwisha. Nikipanda sasa, wazazi wanaweza kuyasusa. Nimekaa kwenye ndoo yangu mpaka nikalowa na mvua ya pili. Nimechoka kungoja vitu ambavyo havinisubiri.

22 Oktoba

Nimeamua. Nitapanda, sitabomoa. Wazazi wote wawili wanaondoka kuanzia saa tatu mpaka saa tano kutafuta chakula. Nimewaandika mwezi mzima, nawajua kuliko ninavyowajua watu wa mtaa huu. Nitavuta mkanda tu. Ukikatika, umekatika.

Samson amekubali kuleta ngazi. Kuishika, hapana. Nimewauliza vijana wake wanne, kila mmoja ana sababu. Mmoja amesema mkewe ni mjamzito, nimemwelewa.

24 Oktoba

Naandika mkono ukiwa bado mzito, lakini lazima niandike leo.

Nilifika saa mbili. Ngazi ilikuwa imeshaegemezwa kwenye mkuyu, Samson na vijana wake wamesimama mbali, karibu na tanuri, kama watu waliokuja kutazama mpira. Chini ya mti pale penyewe pana tope, ngazi inacheza. Mtu wa miaka sitini na tatu hapandi ngazi inayocheza. Nilizunguka mti mara mbili nikijitia kupima, kumbe naogopa.

Saa tatu dume akaondoka, jike akamfuata. Nikaweka mguu wa kwanza. Nyuma yangu nikasikia mtu anavua viatu.

Mwanaima. Alikuwa amejifunga kile kitenge cha njano kiunoni, kipande kilichochanika kikining'inia. Uso wake ulikuwa wa kijivu. Akashika ngazi kwa mikono miwili, akaweka mguu wake tupu kwenye kipago cha chini.

"Si ulisema hakiguswi," nikamwambia.

"Sikigusi. Nashika ngazi. Panda upesi kabla sijabadili mawazo, na usiniongeleshe, naomba Mungu."

Nikapanda. Sijawahi kusikia mtu akiomba kwa kasi namna ile. Juu kabisa niliona ndani ya tundu: tope limesilibwa vizuri kuliko ukuta wangu, na giza, na sauti za makinda yakidhani nimeleta chakula. Nilisema pole. Nililisema kwa sauti, Mwanaima akauliza kutoka chini kuna nini, nikasema hakuna.

Mkanda ulikuwa umepita chini ya pindo la kitenge, vimefumwa pamoja. Nilivuta polepole. Ulikuja, ukagoma, ukaja. Kisha ukakatika. Kipande kimoja mkononi mwangu, kingine kimebaki ndani kwa makinda, nikakiacha. Pindo la kitenge pia nililishika, nikataka kulitoa kwa ajili yake, na ukuta wa vijiti ukaanza kufunguka. Nikaliacha.

Nilipofika chini nilimwambia ukweli, kwamba pindo limebaki. Alitikisa kichwa. "Basi nimeshajua," akasema. "Kama ni kuumwa nitaumwa. Una mtu humo au huna?"

Nilinyanyua mkanda kwenye mwanga. Picha mbili tu na nusu. Namba ukingoni ilikuwa ya mwanzo wa mkanda.

Saa tano kasoro jike alirudi. Alisimama juu ya paa la kiota, akageuza kichwa huku na huku, akakaa hivyo muda mrefu kuliko nilivyopenda. Kisha akaingia. Mwanaima aliona kwanza, akanipiga bega.

25 Oktoba

Nimeuosha mkanda kwa maji ya kuchemsha yaliyopoa, nikauning'iniza kwa kibanio cha nguo. Sijala.

26 Oktoba

Nimeuweka juu ya kioo cha simu kilichowaka cheupe, nikaupiga kwa kamera. Angelina wa steshenari ndiye aliyegeuza cheusi kuwa cheupe kwenye kompyuta yake. Alinipa kiti nikakataa.

Picha ya pili na ya tatu ni mwanamume mwenye tai, uso umeliwa na ukungu. Ya kwanza ni ya kupoteza. Kigoda kitupu. Kwa pasipoti kamera huwa naisimamisha wima, kwa hiyo jua lililoingia kwenye mkanda limekula picha kuanzia juu. Pale ambapo uso wake ungekuwa pameungua, peupe kabisa. Moto umeishia juu tu ya shuka. Vidole vipo, vinane vimelala mbele ya shuka, na gumba la kulia limejitokeza pembeni, lile lenye kovu la mawese ya moto, maana alikuwa akiyauza sokoni. Halafu shuka. Halafu chini ya shuka, pindo la kanga na miguu miwili ndani ya ndala, mguu mmoja umekanyaga mwingine. Alikuwa anasimama hivyo akichoka.

"Ni nani, Mzee?" akauliza Angelina.

Nikamwambia ni mke wangu. Akatazama kioo, akanitazama mimi, akasema nzuri. Nilikwenda kulilia nyuma ya steshenari, karibu na matairi, ambapo hakuna mtu.

27 Oktoba

Nimempigia Frida nikamwambia yote. Hasira, toroli, taka, uongo wa miezi miwili. "Ulimtupa mama," akasema. Nikasema ndiyo. Akakata.

28 Oktoba

Mvua.

30 Oktoba

Mvua. Nimempigia mara tatu.

3 Novemba

Bwawa linajaa. Vyura wanapiga kelele utadhani wameajiriwa. Sikupiga picha.

9 Novemba

Hajapiga. Mwanaima anasema mwache, kwanza ana haki. Kichwa chake kimepona. Amesema labda ndege amehesabu kitenge ni cha Veneranda, na Veneranda haumwi tena.

16 Novemba

Kinda moja limesimama nje ya tundu. Nimepiga moja tu.

20 Novemba

Frida amekuja bila kusema, nimemkuta amekaa kwenye ngazi za mlango na begi. Nikasema karibu mwanangu, akasema shikamoo baba, kwa sauti ya mtu aliyejifunza safari nzima namna ya kuisema. Nikamwonyesha picha. Aliitazama huku amesimama, kisha akakaa. "Uso uko wapi?"

"Jua lilikula."

"Kwa hiyo hana uso."

"Yuko mzima, Frida. Yuko nyuma ya shuka."

Jioni nilimkuta ameiegemeza kwenye sukari, anaitazama huku anakunywa chai, na mguu mmoja amekanyagia mwingine. Yeye hajui kama anafanya hivyo.

23 Novemba

Misa imekwisha salama. Picha ilikaa mezani kwenye fremu kubwa, shuka jeupe na vidole na miguu. Nilikuwa nimejiandaa kwa aibu. Ndugu wa Kasulu waliitazama wakatazamana. Mmoja alikuwa anafungua mdomo.

Mwanaima akapita mbele, akainama mpaka pua ikagusa kioo. "Hiki kidole," akasema, kwa sauti yake ileile ya kuhamisha ndege. "Hili gumba namlaumu nalo mpaka kesho. Kila akinipimia mawese analiingiza ndani ya kopo. Miaka ishirini nimeuziwa gumba." Wanawake wa sokoni wakaanza kucheka, mmoja akasema hata mimi, mwingine akasema akikuminya nalo shavuni uchungu wake huusahau, na mara wote walikuwa mbele ya fremu wanaonyeshana, wanalia na kucheka, kila mmoja ana lake kuhusu ile mikono. Frida alikuwa katikati yao. Hakuna aliyeulizia uso.

Kabla ya kuondoka Mwanaima akaniambia, "Sasa shemeji, mimi nipige kabisa, na uso wangu. Nisije nikafa ukaniweka mezani nyayo tupu."

Nikasema kamera haina chaji. Frida akasema, baba, nimeichaji jana. Akaingia ndani akatoka na shuka, akasimama nyuma ya kigoda, akainua mikono. Mwanaima akakaa, akajifunga mtandio vizuri, akanyamaza. Mkono wangu ulitetemeka. Nikapiga hivyohivyo.

25 Novemba

Frida ameondoka na basi la asubuhi. Nyumba imerudi kama ilivyokuwa, saa ya ukutani nasikia kila inapokwenda. Shimoni nimepita, kiota kitupu, wote wameruka, na Samson ameshaanza kuutazama mti. Nimemwambia kuna mkanda wangu bado umo humo, asubiri. Amesema atasubiri mpaka kiangazi.

Nimechapa picha ya Mwanaima saizi ya pasipoti, nne, kama kawaida. Imetoka vizuri ila amekunja uso. Nikachukua mkasi, na kwa mazoea nikauweka juu, pale vidole vinapoanzia. Ni vya Frida, lakini vinashika shuka kama vya mama yake. Nimezipeleka kwa Mwanaima bila kukata. Akauliza hivi vidole vya nini, nikamwambia ni vya aliyeshika.